Kambi ya UMISSETA na mtihani wa Novemba

Jumapili, usiku

Binti yetu ameitwa kombaini ya mkoa, netiboli, kwa ajili ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Hapa nyumbani Kihonda habari imepokewa kwa vigelegele na mnuno: vigelegele vyangu, mnuno wa baba yake. Mtoto yuko kidato cha nne, Novemba ni mtihani wa taifa, na mzee haoni kwa nini akalale kwenye godoro la darasani, mkoa wa watu, kwa ajili ya kikapu kisicho na ubao.

Nikamtajia Suleiman Nyambui: alisoma chuo kikuu kule El Paso, Texas, huku anakimbia, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Akanijibu, "Nyambui ni mmoja, mama. Waliofeli hawaandikwi magazetini." Hapo sikuwa na la kumbishia.

Ila mimi huyu mtoto namtazama akicheza. Yeye ni GA, mmoja wa wafungaji wawili wa timu, na netiboli haina nafasi ya kuzubaa: ukishaudaka mpira una sekunde 3 tu, utoe au ufunge. Mwaka jana ukimuuliza chai au uji, alikuwa anajibu "yoyote tu". Juzi uwanjani nimemsikia akimfokea senta wake, "Nipe juu! Juu!" Alipokosa goli akanyoosha mkono, "Langu hilo," akarudi kugombea mpira. Twisheni tunayoilipia kila mwezi haijamfundisha hilo.

Halafu hesabu ya muda tunaikosea. Mechi kamili ni robo nne za dakika 15, saa moja basi. Siku nzima inaliwa na nini? Kungoja. Kungoja gari, kungoja uwanja upigwe chokaa, kungoja mgeni rasmi afike ndipo kipenga kilie, kisha foleni ya wali maharage. Watoto wako chini ya mwembe wanapiga soga toka asubuhi. Mimi nagombana na huo mwembe, si na netiboli.

Kesho nakwenda kumwona mwalimu wa michezo. Namwomba prepu kambini, saa mbili hadi saa nne usiku, darasa lenye taa na mtu wa kuwasimamia. Mzee amesema hilo likikubaliwa atasaini fomu, kwa sharti lake mwenyewe: daftari la Kemia liingie begini kabla ya raba. Binti ameguna, lakini amekubali. Kemia anaijua ilivyomkalia.