Saa 28 za wiki, na unachokithamini kimo wapi humo

Ukimuuliza mtu anathamini nini maishani, majibu hayachelewi: dini, watoto, wazazi, afya, elimu. Mwombe akuonyeshe saa ambazo mambo hayo yalipata wiki iliyopita, hapo atanyamaza kidogo. Wengi hujilaumu kwa uvivu bila kufanya hesabu hata mara moja, basi tuifanye.

Wiki ina saa 168. Chukua mwajiriwa wa Dar es Salaam anayefanya kazi siku sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwake ni saa saba na nusu kwa siku. Usingizi wa saa 7 kila siku unakula 49. Daladala kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri kituoni, saa 3 kwa siku: 18. Kuoga, kula, kuswali au kusali, saa 2 kwa siku: 14. Kupika, kufua, sokoni na usafi: 14 nyingine. Zinabaki 28.

Usizifurahie kabla hujaona zilipo. Kila siku ya kazi ina saa mbili na nusu tu, tena nyingi ni za usiku, mwili umeshachoka. Jumapili peke yake ina 13. Karibu nusu ya muda alio nao umekaa siku moja, na siku hiyohiyo ndiyo ya vikao vya harusi, kikoba, kuwaona wagonjwa na kumsubiri fundi. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kuamka mapema zaidi. Anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri akiamka mapema zaidi anapunguza usingizi, na wiki ya pili analipa kwa kusinzia kazini. Jumapili ndiyo ya kupigania.

Hesabu hiyo ni ya mfano. Yako utaipata kwa daftari. Andika siku saba, kila nusu saa mstari mmoja, kuanzia saa 12 asubuhi. Jaza mara nne kwa siku: baada ya kufika kazini, baada ya chakula cha mchana, ukirudi nyumbani, na kabla ya kulala. Ukingoja kujaza yote usiku, utaandika siku uliyotaka iwe, na vile vipande vya dakika ishirini ishirini vitapotea. Usichague wiki ya msiba wala ya sikukuu. Mwezi wa Ramadhani uandikie daftari lake, maana usiku na mchana hubadilishana kazi.

Mbele ya kila mstari weka herufi: M kwa muda uliouchagua mwenyewe, W kwa uliopangiwa na wengine, P kwa uliopita tu. Jumlisha mwisho wa wiki. Usingizi na ajira viache nje, kwa sababu hutavihamisha mwezi huu.

P nyingi ziko kwenye simu, na hapo usitegemee kumbukumbu. Simu ya Android iliyowekwa Kiswahili ina sehemu ya Nidhamu Dijitali ndani ya Mipangilio. Inaonyesha muda wa kila programu na mara ulizofungua simu. Hiyo namba ya pili ndiyo ya kutazama zaidi, kwa kuwa kila ukifungua unakata kitu ulichokuwa unafanya. Kikomo cha muda unachoweka mwenyewe unakiondoa mwenyewe kwa urahisi, kwa hiyo ni bora simu ichajiwe chumba kingine kuanzia saa 1 usiku. Makundi ya WhatsApp yazimie sauti: ukipewa kuchagua saa 8, wiki 1 au daima, chagua daima, ubakize kundi moja la familia.

Sasa thamani zenyewe. Chagua tatu, zisizidi. Kisha kila moja igeuze kuwa tendo lenye siku, saa na mtu. "Watoto" haiwezi kuingia kwenye ratiba. "Kukaa na mtoto wa darasa la nne na daftari lake la hesabu, Jumanne na Alhamisi, saa 1:00 hadi 1:40 usiku" inaingia. Pembeni andika dakika hizo zinatoka wapi. Usipoandika chanzo, zitatoka kwenye usingizi.

Jambo moja kwetu linahitaji kupambanuliwa vizuri: thamani nyingine inadai mwili wako, nyingine inatosheka na pesa, nyingine na sauti yako tu. Harusi ya binamu wa mbali inataka mchango. Lipa wote mapema, umwambie mwenyekiti utahudhuria kikao cha kwanza na cha mwisho. Mweka hazina hatakasirika. Kikao cha saa tatu kila Jumapili kwa miezi miwili ni saa 24, karibu wiki nzima ya muda wako huru. Msiba ni kitu kingine. Usiupunguze msiba wa karibu ili upate muda wa mazoezi. Pale kuwepo kwako ndiyo mchango wenyewe, na pesa haijazi nafasi hiyo.

Mama aliye kijijini hawezi kuingia kwenye wiki. Simu ya kila Jumapili jioni ndiyo, lakini kumwona ni suala la mwaka. Sheria hiyohiyo ya ajira inampa mwajiriwa likizo ya angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka, na likizo nyingi huishia kusimamia ujenzi. Zipange Januari: siku ngapi za mama, ngapi za nyumba, ngapi za kulala.

Kwa mama mwenye genge la mboga, mlezi wa watu sita, hesabu yote hii inaweza kuacha saa 5 badala ya 28. Kumpa ratiba nzuri zaidi ni kumdhulumu. Kwake kinachotakiwa ni orodha ya kazi za nyumbani pamoja na dakika zake, ibandikwe ukutani, kila kazi iandikwe jina la atakayeifanya. Kijana wa miaka 12 anafua sare zake. Mume anachota maji na kwenda sokoni Jumamosi. Kazi isiyo na jina hurudi kwa mama ndani ya siku tatu.

Baada ya wiki nne, hesabu. Tendo la mara mbili kwa wiki lilikuwa na nafasi nane. Likifanyika tano au zaidi, liache kama lilivyo. Chini ya tano, usiongeze kiapo, hamisha saa. Mara nyingi kosa ni kuliweka baada ya chakula cha usiku. Lisogeze kabla ya chakula, au lipeleke Jumapili asubuhi kabla simu ya kwanza haijaita, kisha lipe wiki nne nyingine.