Nilivyopata programu ya mikutano inayofika mpaka Tunduma

Naendesha ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Mizigo yetu mingi ni ya transiti: inashuka bandarini, inapakiwa kwenye malori, inavuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi tunafanya kikao: sisi wa Dar, vijana wetu wa Tunduma, mwenzetu aliyeko Ndola, Zambia, na mara nyingi mteja wetu wa Dubai. Kikao hicho kisipofanyika, wiki nzima kila mtu anafanya kazi na taarifa zake.

Tulizoea simu ya kundi ya WhatsApp. Kila mtu anayo, inabeba hadi watu 32, na kwa vikao vya wenyewe kwa wenyewe bado naipendekeza. Kilichotukwamisha ni Dubai. Kule Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa. Meseji zinapita, kupiga hapana. Mamlaka yao ya mawasiliano imeruhusu programu kadhaa za mikutano, zikiwemo Zoom, Microsoft Teams na Google Meet, kwa hiyo nikaanza na hizo tatu. Kama una mteja Ghuba, anzia hapo kabla hujaangalia bei.

Zote tatu zina toleo la bure lenye kikomo. Zoom inakupa dakika 40. Meet na Teams zinakupa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Kikao chetu kinapita saa moja karibu kila wiki, maana kila lori lina habari yake. Wapo wanaofungua linki mpya kila muda unapoisha, na wakiwa wao kwa wao haina shida. Mteja akiwa anakusikiliza, tena ndiyo mnafika kwenye gharama za storeji bandarini, hapana.

Jambo ambalo ningetamani kila mwenye biashara ndogo alijue ni hili: anayelipa ni mwenyeji wa kikao peke yake. Waalikwa hawalipi chochote, na kikomo cha muda kinafuata akaunti ya aliyeitisha. Mwanzoni nilikuwa napigia hesabu ya wafanyakazi wote na bei inatisha. Kwa akaunti moja, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Baada ya hapo nikafanya jaribio langu mwenyewe. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu moja ikipotea mnatafuta mzigo wa mtu mwingine. Nikamwomba kijana wa Tunduma asimame nje, pale malori yanaponguruma, asome namba kwa sauti yake ya kawaida, nasi wengine tuandike kila mtu kwenye karatasi yake. Kisha nikashea skrini yenye jedwali letu la malori nikamwuliza safu ya tano inasemaje. Akaivuta kwa vidole viwili kwenye simu yake, akajibu: "Dada, picha yako inaganda, lakini jedwali nalisoma na sauti naipata." Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko tangazo lolote. Uso wangu ukiganda hakuna mzigo utakaochelewa.

Bando nalo ni gharama ya kikao, japo halionekani kwenye bei ya programu. Zoom wenyewe wanaeleza kwamba sauti peke yake inataka kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na picha nzuri ya kundi inafika megabiti 1. Ukipiga hesabu, sauti ya saa nzima ni kama megabaiti 36. Picha ni kama 450. Kijana anayejinunulia bando atazima simu kabla hajakueleza lori limekwama wapi. Tukakubaliana kamera zinawashwa dakika za salamu tu, hasa mteja akiwepo, kisha zinazimwa, na ofisi inalipia bando la Jumatatu kwa walioko mpakani.

Mwisho nikachagua Google Meet. Kwenye kompyuta inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, na simu nyingi za Android zinakuja nayo tayari, jambo kubwa kwa mtu ambaye simu yake imejaa picha za nyaraka. Nilinunua akaunti moja ya Workspace, huduma ya kulipia ya Google kwa biashara, ya daraja la chini, ikaniondolea kikomo cha saa moja na kunipa barua pepe yenye jina la kampuni, ambayo tulikuwa tunaihitaji hata hivyo. Daraja hilo halirekodi kikao. Sikuona sababu ya kulipia zaidi, kwa kuwa karani wetu anaandika maazimio na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa sita. Malipo ni kwa dola, kwa hiyo bajeti yangu naiacha na nafasi kidogo ya kupanda kwa dola.

Mwaliko nautuma kwa kalenda, siyo linki tupu. Saa tatu ya Dar ni saa nne Dubai na saa mbili Ndola, na kalenda inamwonyesha kila mtu saa ya kwake.

Mipango yote hii inategemea intaneti iwepo. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya zinazoleta intaneti kupitia baharini, ilikatika na Tanzania ikaumia sana. Tangu hapo kila aliyeko kwenye kikao ana orodha ya namba za kawaida za wenzake kwenye karatasi. Linki ikigoma kwa dakika kumi, karani wa Dar anampigia mmoja mmoja, akianza na Tunduma, kwa kuwa lori lililoko mpakani ndilo linalokula pesa kila saa.