Jicho Lisilofumba

Jumamosi, saa saba kasoro usiku.

Watoto wamelala zamani, mimi bado nimekaa sebuleni na taa nimezizima. Nimemaliza kuitazama The Hitch-Hiker ya mwaka 1953. Ni dakika 71 tu, lakini usingizi umekwisha kabisa. Nimezipenda filamu hizi za noir, zile za zamani za uhalifu na giza la mjini, tangu nikiwa chuoni, na nilidhani zile nzuri zote nimeshazimaliza. Kumbe hii ilinipita miaka yote, na hakimiliki yake haipo tena. Yeyote anaipata kwenye intaneti bila kulipa hata senti.

Marafiki wawili, Roy Collins na Gilbert Bowen, wametoka nyumbani kwenda kuvua samaki. Usiku wanampa lifti mtu aliyesimama kando ya barabara. Amekaa kiti cha nyuma, uso wake uko gizani. Kinachotangulia kuingia mwangani ni bastola, kisha ndipo tunaiona sura. Ni Emmett Myers, muuaji anayesakwa, na kuanzia hapo wanaendesha gari kwa amri yake, kuelekea kusini kupitia jangwa la Mexico, hadi mji wa Santa Rosalía anakotaka kupanda boti.

Hapo nilimkumbuka marehemu baba. Aliendesha lori miaka mingi na hakuwahi kumpita mtu aliyenyoosha mkono kwenye mvua. Mama akimlalamikia, anajibu, "Mama Asha, na mimi kuna siku lori litaniharibikia." Myers anawacheka wale wawili kwa wema wa namna hiyo. Anawaambia kila mmoja angeweza kutoroka kama angekubali kumwacha mwenzake.

Lakini kilichoninyima usingizi ni jicho. Kope moja ya Myers imepooza, haifumbi. Wakilala jangwani yeye anajiegemeza, bastola mkononi, na jicho lile liko wazi vilevile akiwa macho, vilevile akiwa usingizini. Roy na Gilbert wamejifunika mablanketi, wanamtazama. Amelala? Hajalala? Mtu mwenye nguvu juu yako akisinzia, angalau unapata nafasi ya kupumua, kupanga, kunong'ona na mwenzako. Myers amewanyang'anya hata hiyo. Nami nilikuwa nalitazama jicho lile kama wao, natafuta dalili, sipati.

Na si jambo la kubuni. Billy Cook, ambaye kisa hiki kimetokana naye, alikuwa na kope kama hiyo. Kati ya mwisho wa 1950 na mwanzo wa 1951 aliua watu sita, watano wakiwa familia moja iliyompakia barabarani: baba, mama na watoto watatu. Alikamatwa hukohuko Santa Rosalía, akauawa kwa gesi, kwa hukumu ya kifo, katika gereza la San Quentin huko Marekani mnamo Desemba 1952. Filamu ilitoka miezi michache baadaye.

Aliyeiongoza ni Ida Lupino, mzaliwa wa London, mwigizaji aliyejitosa kuongoza filamu wakati Hollywood karibu yote ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mpiga picha wake, Nicholas Musuraca, alikuwa fundi wa giza. Hapa wamelitoa giza mjini wakalianika juani. Jangwa jeupe, miamba, anga tupu, wala hakuna pa kujificha. Sikujua mchana unaweza kubana kifua namna hii.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani sisi tuliokulia kwenye lugha mbili tatu tutaliona upesi. Myers hajui Kihispania. Gilbert anakijua. Wakifika dukani na Gilbert akianza kuongea na wenyeji, Myers anababaika, anamkaripia atumie Kiingereza. Ana bastola, ana jicho lisilolala, lakini maneno mawili matatu ya muuza duka yanamtia hofu. Lupino hakuweka tafsiri chini ya maneno hayo. Wenyeji wa Mexico wanazungumza lugha yao wakiwa watu wazima wenye akili, polisi wao wanafanya kazi kwa utulivu, na asiyeelewa, basi haelewi. Kwa filamu ya Marekani ya wakati ule, hilo nimelipenda sana.

Humo dukani mtoto wa kike anamsogelea Myers. Gilbert anamwahi, anambeba mikononi, anamsemesha kwa Kihispania kwa sauti ya upole kabisa, huku bastola iko hatua chache tu. Nimekirudisha kipande hicho mara tatu.

Mama aliwahi kutaja abiria mmoja ambaye baba alimpakia usiku maeneo ya Makambako, wakaenda hadi kukapambazuka mtu yule hajatamka neno. Sikuwahi kuuliza ilikuwaje. Kesho nikitoka sokoni nitampigia.