Siku moja maishani mwangu: tabibu wa meno, Usa River

Saa 1:15 asubuhi. Nawasha mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke, nyuzi joto 121. Vikiwa humo, nayaachia maji yatiririke kwenye mashine ya kuchongea kwa dakika 2, yatoke yale yaliyolala kwenye mipira usiku kucha. Hakuna mgonjwa anayeona kazi hii, lakini siianzi siku bila hiyo.

Saa 2:00. Benchi limejaa, na karibu kila anayeingia ana neno moja: "Dokta, ling'oe." Wamekaa na jino miezi, wameweka karafuu, wamemeza panadol, na wamekuja sasa kwa sababu usiku haulaliki tena. Maumivu yakifika hapo uozo umeshaingia ndani kwenye neva, kuziba tu hakusaidii. Kinachobaki ni kutibu mzizi, ambako kwetu ni mpaka rufaa mjini na pesa mkononi, au kung'oa. Basi asubuhi nang'oa, na kila moja linaniuma, maana mengi yangezibika kama yangekuja mapema.

Saa 3:40. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hili hapa, litoe niwahi shamba." Namuuliza linauma lini. Akinywa maji ya baridi tu, akishameza linanyamaza. Naligonga taratibu, haguni. Hili bado liko hai! Namweleza, anakubali shingo upande. Sindano ya ganzi, tunasubiri mdomo ufe, nachonga mpaka nakutana na sehemu ngumu, nalikausha, naweka dawa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka nalimulika kwa taa ya bluu likauke. Mwisho karatasi ya rangi. "Ng'ata. Saga. Liko juu?" "Juu kidogo, huku." Napunguza. Hatua hii siiharakishi, kwa sababu jino lililozibwa likibaki juu hata kidogo, ndilo linalobeba uzito wote wa kutafuna, na mtu atasema kuziba ndiko kulikomwumiza.

Saa 5:20. Umeme unakatika. Jenereta ni ya wodi na chumba cha upasuaji, chetu kinabaki na mwanga wa dirishani. Anaingia mama na binti yake wa darasa la tatu. "Daktari, litoe tu hilo gego, si la utoto? Litaota jingine."

Hapa ndipo ninapoacha kila kitu. Gego hilo haliotei mahali pa jino lililong'oka. Linachomoza nyuma ya yote, mtoto akiwa na miaka 6 hivi, kimyakimya, wala hakuna jino lililolegea kutangulia. Mzazi analihesabu na ya utoto, kumbe ni la kudumu, na likitoka halina mrithi. Namwonyesha mama kwa kioo: anza na jino la mbele katikati, hesabu kurudi nyuma, la sita ndilo hilo. Anahesabu mwenyewe kwa kidole. Anarudia upande wa pili, kisha ananyamaza. "Kwa hiyo kaka yake tulimng'olesha la ukubwani?" Naitikia. Sina la kumpamba.

"Fungua mdomo, mwanangu." Tundu liko juu tu, halijazama. Sihitaji umeme wala ganzi: nakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, nasafisha, nakoroga unga na maji yake mpaka uwe kama uji mzito, najaza, nakandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Dawa hii inashikamana na jino lenyewe na kutoa taratibu floraidi, madini yanayolikinga jino na uozo. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa shule ya meno ya Dar es Salaam, na leo inafundishwa duniani. Najivunia kuitumia. "Usile kitu saa nzima, umesikia?" Binti anatikisa kichwa.

Saa 8:10. Umeme umerudi. Kijana mwenye meno ya kahawia anataka nimkwangue "uchafu". Si uchafu. Maji ya huku kwetu chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kupita kiasi, na rangi hiyo iliingia meno yakijengeka utotoni. Tunapanga siku ya kumfunika yale ya mbele.

Saa 9:30. Naandika rejesta, kisha nampigia mwalimu wa afya wa shule ya msingi jirani. Anataka niwaone darasa la saba kabla hawajamaliza. Namsihi: darasa la kwanza, gego la sita ndiyo kwanza limechomoza, mifereji iliyo juu yake bado inazibika kabla haijatoboka. Tunavutana kidogo. Alhamisi, madarasa yote mawili, wadogo watangulie.