Siku ya kutuma makala, hapa Lamu

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ilinikuta niko macho. Leo ndiyo siku niliyojiwekea kuituma makala yangu kwenye jarida: miaka miwili ya mahojiano na wavuvi kuhusu maisha yao tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ianze kazi Mei 2021. Yote hayo sasa yamebanwa kwenye kurasa ishirini na tano za Kiingereza. Baada ya swala nilifungua kompyuta kabla punda hawajaanza kupita na mizigo chini ya dirisha.

Saa moja. Jarida linataka maneno 8,000, marejeleo yakiwemo. Yangu yalikuwa 8,640. Nilianza na historia ya LAPSSET, mradi mkubwa wa miundombinu ambao bandari hii ni sehemu yake. Inatosha kusema mradi ulizinduliwa Machi 2012; hotuba za siku ile zinaweza kungoja makala nyingine. Hukumu ya Mahakama Kuu ya 2018 sikuigusa, ile iliyoamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa kila niliyemhoji aliitaja kabla sijamuuliza. Kisha nikaifuta aya nzima ya nadharia iliyonichukua wiki mbili kuiandika. Iliniuma, lakini ndani yake hapakuwa na mvuvi hata mmoja.

Saa tatu. Mama alileta mahamri na mbaazi, nikala huku nikilinganisha nukuu na sauti nilizorekodi. Hapo ndipo nilipokwama, ukurasa wa 14.

Mzee mmoja alikuwa amesema kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu: "Siku za mai mafu hatwendi tena." Tafsiri ya kwanza ilifanywa na msaidizi wangu kutoka bara, kijana hodari, ila hakukulia baharini. Aliandika kwamba maji yamekufa, nami kwa haraka nikajenga juu yake sentensi mbili kuhusu uchafuzi. Mtoto yeyote wa Lamu anajua maji mafu ni nini: siku za nusu mwezi, bahari isipojaa sana wala kupwa sana, kinyume cha bamvua. Nilihisi baridi mwilini. Makala ingefika kwa wasomaji ikiwa na neno la mzee huyu kinywani, na maana ambayo hakuisema.

Saa nne na nusu nilimwendea. Mtaa siutaji, wala kazi aliyokuwa nayo mkononi.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu hakijaisha?"

Nilimsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akanifundisha upya, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto. Zamani siku za maji mafu ndizo walizokuwa wakienda kuvua kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, kwa sababu mkondo ni mdogo na chombo kinatulia. Sasa siku hizo hizo wanakaa nyumbani. Kwa hiyo alichokuwa akikihesabu ni siku za kazi, zile zinazorudi mara mbili kila mwezi, na kwake zimeshaondoka. Hilo ni zito kuliko nilichoandika mimi, na lilikuwa mbele yangu muda wote.

Nilipoinuka aliuliza, "Jina langu umeliandika?"

Nikamweleza tena habari ya fomu ya ridhaa: tuliahidiana kwamba majina yatafichwa. "Nimeyasema mimi," akasema, "kwa nini yasiwe yangu?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Kwenye mazungumzo yale yale aliwataja watu wanaonunua samaki wake, na Lamu ni ndogo. Nikiandika mtaa, umri kamili na jina la chombo, hata bila jina lake, mtu wa barazani atamtambua kabla kahawa haijapoa. Na kubadilisha ahadi ile si uamuzi wangu peke yangu. Lazima kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti iulizwe. Nilimwambia nitaiuliza kwa makala ijayo. Aliitikia kwa kichwa, ila uso wake haukuwa umeridhika, na alikuwa na haki.

Saa saba hadi saa tisa niliiandika upya sehemu ile. Umeme ulipotea kwa nusu saa, betri ikanivusha.

Saa tisa na nusu, marejeleo. Mtindo wa jarida unataka jina la mwisho litangulie. Sisi jina la mwisho mara nyingi ni la babu, kwa hiyo msomi wa pwani anaingia kwenye orodha kwa jina la babu yake, na mwenzake aliyetumia majina mawili anaingia kwa jina la baba. Nilihakikisha kila mmoja nimemwandika vile anavyojiandika mwenyewe kwenye kazi zake.

Saa kumi na mbili kasoro. Zamu ya kujificha mimi. Watakaoipitia makala hawatakiwi kunijua, wala mimi sitawajua wao. Nilitoa jina, shukrani, namba ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na jina la kamati ya maadili, kwa kuwa linataja chuo. Pale nilipoandika "kama nilivyoonyesha awali" nikabadilisha, nikajitaja kama ninavyomtaja mtu mwingine. Mwisho nikafungua sifa za faili lenyewe, na humo kompyuta ilikuwa imeniandika kwa jina kamili. Wengi hunaswa hapo. Kujificha kwangu kulichukua dakika arobaini. Kuwaficha wavuvi kumi na tisa kulikuwa kumenichukua mwezi mzima.

Saa mbili usiku, baada ya isha. Ukurasa wa jina na anwani peke yake, makala peke yake, majedwali, barua kwa mhariri. Nikathibitisha kwamba kazi hii haijachapishwa popote na haiko kwa jarida jingine. Kwenye maneno muhimu nikaweka matano, na la tano nikaliandika kwa Kiswahili: maji mafu.

Saa nne kasoro dakika kumi barua pepe iliingia, ina namba ya makala. Mama akauliza, "Wamekubali?" Nikamwambia bado, hiyo ni risiti tu, jibu huchukua miezi. Kisha nikautenga ukurasa wa 14 kwenye faili lake, nikauchapishe kesho dukani nimpelekee Ami: maneno yake kwa Kiamu juu, Kiingereza chini.