Arobaini ya babu kule Maramureș

Mwaka wangu wa pili wa masomo Cluj, kule Romania, mwezi wa pili, rafiki yangu niliyekuwa nakaa nae chumba kimoja hosteli alifiwa na babu yake mzaa mama. Kwenye mazishi alienda peke yake, mi nilibanwa na mitihani, ila aliporudi akaniambia ya arobaini twende wote. Nikamuuliza, na nyie mna arobaini? Akanishangaa, kwani nyie hamna?

Mi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye hitima, najua siku ya arobaini kunakuwaje, masufuria makubwa nje, wanaume wanapika pilau, kisomo, wazee wanakula mwanzo halafu watoto wanagombania ukoko. Sikutegemea hata kidogo kwamba Waothodoksi wa milimani huko kaskazini mwa Romania, karibu kabisa na mpaka wa Ukraine, nao wanahesabu siku hizohizo. Basi nikafunga kibegi tukaondoka.

Kutoka Cluj tulipanda maxitaxi, yaani vihiace vyao, hadi Baia Mare, pale tukabadilisha, halafu ndo mlima wa Gutâi sasa, barabara inajikunja na theluji bado imelala pembeni japo mwezi wa tatu ulishaingia, mi macho nimefumba dereva anaongea na simu. Ukishateremka upande wa pili umeingia Maramureș yenyewe na hapo huhitaji kuambiwa. Kila kitu mbao. Tulipita Desești rafiki yangu akaninyooshea kanisa lao la mwaka 1770, dogo, jeusi kwa uzee, paa refu limechongoka juu utadhani limevaa kofia ambayo sio saizi yake. Makanisa ya namna hiyo manane yameingizwa UNESCO mwaka 1999, la Șurdești mnara wake peke yake una mita 54 na ni mbao tupu. Wenyeji wanasimulia kwamba Watatari walivyopita 1717 walichoma makanisa mengi, na watawala wa enzi zile walikuwa hawataki Waothodoksi wajenge ya mawe, kwa hiyo watu wakarudi msituni wakakata mialoni wakaanza upya.

Kijijini, bonde la mto Iza, kilichonisimamisha ni mageti. Geti la nyumba ya kawaida tu ya mkulima lina nguzo za mwaloni nene kuliko mimi, zimechongwa jua, mti, na kamba iliyosokotwa inayopanda kutoka chini mpaka juu bila kukatika. Nilikumbuka milango ya Zanzibar na ule mnyororo unaochongwa kuzunguka fremu. Geti kama lile likiwekwa Shangani hakuna atakayeuliza limetoka wapi. Na nje ya nyumba moja kulikuwa na mti mkavu umetundikwa masufuria na vyungu, rafiki yangu akasema chungu chekundu kikiwekwa juu kabisa maana yake humo ndani kuna binti hajaolewa, akacheka, kwao walikishushaga zamani.

Bibi alitupokea jikoni. Kitambaa cheusi kichwani, mikono ina unga, akanishika mashavu yote mawili akaniambia mikono yangu ina baridi njoo ukae karibu na jiko. Hata jina langu alikuwa hajaniuliza. Kiromania changu kilikuwa cha darasani, ule mwaka mzima wa maandalizi wanaotufundisha lugha kabla ya chuo, na bibi anaongea cha kwao cha mlimani, lakini jikoni lugha inajulikana. Nilipewa mwiko.

Nilichopewa nikoroge ni colivă. Hii hutaiona kwenye menyu ya hoteli yoyote kwa sababu ni chakula cha marehemu, na nadhani ndo maana watalii wengi wanatoka Romania hawajui hata kama ipo. Ni ngano nzima, punje, imeoshwa maji tisa, na bibi alikuwa anahesabu kwa sauti kila akimwaga, tisa kwa ajili ya makundi tisa ya malaika. Inachemshwa taratibu huku unakoroga isishike chini, masaa, mkono unakufa ganzi, mpaka punje zinapasuka na kutoa uji mzito wa kunata. Ikipoa inachanganywa sukari, maganda ya limau yaliyokwaruzwa na jozi, yaani walnut, zilizosagwa kwa ile mashine ya mkono ya kusagia nyama, halafu inamwagwa kwenye sinia na kulainishwa kwa viganja mpaka inakuwa kichuguu. Juu wanafunika na biskuti zilizopondwa na sukari ya unga nyeupe pee, ndo mashangazi wakaanza kubishana pipi zipangwe vipi kutengeneza msalaba. Ubishi mkali kwelikweli. Mmoja anataka za rangi, mwingine anasema babu hakupenda mbwembwe, zikashinda nyeupe.

Huku tunafanya kazi wananihoji. Kwenu msiba anapika nani? Nikasema pilau la msiba wanaume. Wakaangaliana. Mmoja akauliza na linalika? Nikamwambia linashinda la nyumbani, jikoni kukawa na kelele mpaka bibi akatugombeza tukumbuke kilichotuleta.

Ilikuwa ndani ya kwaresma yao, na kwaresma ya Waothodoksi haina mzaha, hakuna nyama, maziwa, wala mayai. Kwangu ilikuwa bahati kubwa. Sarmale za siku za kawaida zinajazwa nguruwe, mi Muislamu ningekula mkate na chumvi tu, ila zile zilikuwa za wali na uyoga zimefungwa kwenye kabichi lililochachushwa, pembeni maharage yaliyopondwa yamewekewa kitunguu cha kukaanga, na mămăligă, ugali wa njano laini kidogo kuliko wetu unaokatwa kwa uzi. Nilikula mpaka bibi akaridhika, na kule kuridhika kwake sio jambo dogo.

Mtihani ulikuwa horinca. Pombe ya plamu, inakenekwa mara mbili, kali ya kuwasha taa, na kwaresma au isiwe kwaresma chupa ilikuwepo mezani. Baba mdogo, yaani mume wa mdogo wake mama wa rafiki yangu, alijaza vikombe vidogo, na kabla ya kunywa kila mtu akamwaga tone chini sakafuni, la babu. Mi nimeshika kikombe sijui nifanye nini. Bibi akaniona, akakichukua, akamwaga tone kwa niaba yangu, kilichobaki akampa baba mdogo, mimi akaniletea maji ya matunda yaliyochemshwa. Hakuna aliyeuliza swali.

Jumamosi asubuhi tukaenda kanisani na baadae makaburini. Nikagundua wanaume wote wa ile familia wana ndevu zimewajaa, kumbe hawakunyoa tangu mazishi. Wanaamini roho ya marehemu siku hizi 40 bado inazungukazunguka sehemu ilizoishi, na ikipanda juu inakuta vituo vya ushuru 24, kila kituo inaulizwa jambo, kwa hiyo walio hai wanatoa sadaka ili isikwame njiani. Baba mdogo ni dereva wa malori ya mizigo, akaniambia foleni ya mpakani anaijua yeye, hamtakii hata adui.

Padri alimimina divai juu ya kaburi kwa umbo la msalaba, halafu likaja lile sinia. Watu wanalinyanyua wanaliyumbisha juu chini taratibu huku wanaimba kumbukumbu ya milele, mara tatu, na asiyefikia sinia anamshika bega aliye mbele yake, na wa nyuma yake anamshika yeye, mpaka kijiji chote kimeungana. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa kwa adabu. Mama mmoja ambaye hata simjui akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kiganja akakiweka begani kwake. Nikakiacha pale. Kuna rafiki yangu nyumbani nilipomsimulia alinikunjia uso, mi naona msibani unafanya kama wenye msiba wanavyofanya, dua yako unaisoma kimoyomoyo.

Kila aliyekuja alipewa kikombe kipya, taulo dogo, mshumaa na mkate wa duara uliosukwa, ukipokea unasema bogdaproste, yaani Mungu amsamehe marehemu wako. Colivă tukagawiwa kwenye vikombe vya plastiki. Tamu aisee, ina ule utamu wa ngano unaotafuna.

Jumapili baada ya misa bibi mwenyewe ndo alisema mgeni hawezi kuja Maramureș akarudi bila kuona Săpânța. Sote tukajazana kwenye gari la baba mdogo, tukapita mji wa Sighet, kama kilomita 18 mbele tukafika. Watu wanapaita makaburi ya furaha. Misalaba zaidi ya 800 ya mwaloni, imepakwa bluu moja iliyokolea ambayo huko inaitwa bluu ya Săpânța, kila mmoja una paa lake dogo, mchoro wa kuchongwa, na chini yake mashairi. Aliyeanza ni fundi wa kijiji, Stan Ioan Pătraș, mwaka 1935, akachonga mpaka alipofariki 1977 na yeye amelala humohumo, kazi ikachukuliwa na mwanafunzi wake Dumitru Pop ambae nae ametangulia 2022.

Ushauri wangu, nenda na mtu wa kukusomea. Niliona watalii wameshuka kwenye basi, picha tano, wamepanda, wameondoka, na mi nasema hao hawajafika Săpânța. Marehemu ndo anayeongea pale, mwenyewe, mimi fulani nimelala hapa, maisha yangu yalikuwa hivi. Mwanamke anasokota sufu, mchungaji na kondoo zake, mwingine yuko na chupa na shairi halimfichi, anakiri pombe ilimpenda na yeye akaipenda. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, hata kama alikuwa na deni na mtaa mzima utasikia alikuwa mtu wa watu. Pale wanasema, tena kwa vina, na jirani anapita anasoma. Ila kuna kaburi la mtoto wa kike mdogo, amechongwa na gari linamgonga, anailaani teksi iliyotoka Sibiu, nchi yote hii kubwa haikuona pa kusimama ila mbele ya nyumba yetu? Rafiki yangu alilisoma nusu akanyamaza. Jina la furaha halipatoshi pale kwa kweli.

Kila mtu akawa anatembea kivyake, tukaja kukutana kwenye msalaba maarufu kuliko yote, wa mama mkwe. Mkwe wa kiume ndo anaongea safari hii, anasema mama mkwe wangu yuko chini ya huu msalaba mzito, angeishi siku tatu zaidi ningelala mimi humu, nyie mnaopita msimwamshe maana akirudi nyumbani ataanza tena kunifokea. Baba mdogo akalisoma lote kwa sauti ya redio, mstari kwa mstari, huku mama mkwe wake, yaani bibi, amesimama hatua mbili nyuma yake na kitambaa chake cheusi. Jamani. Tanga mwanaume akiona mkwewe anakuja anabadilisha njia, utani wetu ni wa mjukuu na bibi, mama mkwe unamtania wapi wewe? Nilitamani ardhi ipasuke kwa niaba yake.

Bibi akamwambia rudia, sijasikia vizuri.

Akarudia. Safari hii sauti imepungua. Bibi akatikisa kichwa akasema shairi zuri, ila yeye hana haraka, na ikitokea mkwe wake akatangulia itabidi watafute mwaloni mrefu kuliko huu kwa sababu mambo yake yeye hayaenei kwenye ubao mmoja. Shangazi akacheka mpaka akashikilia msalaba wa watu, baba mdogo akasema twendeni kwenye gari kuna baridi.