Nilivyopata umbali wa mwamba ulio majini bila kulowa

Mwamba uko ziwani, mfano wa jiwe la Bismarck hapa Mwanza, na kila kipimo kilileta jibu lake: mita 110, kisha 170. Mbinu ya kidole gumba (unanyoosha mkono, unafumba jicho moja kisha jingine, na kuangalia kidole kinavyohama) haikufaa, maana lazima ujue upana wa kitu kilichoko kule, na mwamba mtupu hauna mlango wala dirisha la kulinganisha. Kamba ya nailoni nayo ilivutika.

Kilichofaa ni vijiti vinne na kamba ya katani ya mita 12, yenye mafundo kwenye mita 3 na 7. Ncha zikiunganishwa na kamba ikikazwa pembetatu ya 3, 4 na 5, unapata pembemraba (nyuzi 90) kwenye fundo la mita 3.

Simika kijiti A ufukweni. Kutoka A, kwa pembemraba na mstari unaoelekea mwambani, pima mita 40 hadi kijiti B, endelea moja kwa moja mita 10 hadi C. Hapo C geuka pembemraba, ulipe ziwa mgongo, urudi nchi kavu mpaka kijiti B kifunike mwamba. Hapo ni D. Umbali CD zidisha kwa 4, maana 40 ni mara 4 ya 10, upate umbali wa A hadi mwambani. Nilipata 37.5, yaani mita 150.

Ila usilenge ukingo wa mwamba! Ukingo unaouona ukiwa A sio ule unaouona ukiwa D. Jiwe ni duara. Nililenga mchirizi mweupe wa kinyesi cha ndege, unaoonekana kutoka pande zote mbili, na majibu yakaacha kurukaruka. Kosa la sentimita 10 kwenye CD huwa 40 kwenye jibu.